Naomba ushauri: kuvunja jamvi la zege na kuondoa kifusi, Uyole

Ndugu zangu, hapa Uyole, Mbeya, nina jamvi la zege la banda la zamani, lenye mita 6 kwa 4 na unene wa sentimita 10, ambalo nataka kulivunja kabla mvua za Novemba hazijaanza. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takribani kilo 2,400, kifusi kitakaribia tani 6.

Je, vijana wenye nyundo na mitaimbo watatosha, au nikodi mashine, ikizingatiwa kwamba ukuta wa jirani uko karibu na mtikisiko unaweza kuupasua? Kifusi sitaki kukitupa korongoni (tabia iliyozoeleka mno), bali kujazia msingi mpya. Vipande viwe vya ukubwa gani ili vishindilike vizuri?