Mjadala: Je, kila kaya ilazimishwe kulima ekari ya muhogo?

Kila ifikapo Januari na Februari, chakula kinapopungua majumbani, hoja moja hurudi katika vijiji vyetu vya Newala na Tandahimba mkoani Mtwara, na Ruangwa mkoani Lindi: ipitishwe sheria ndogo ya kuilazimisha kila kaya kulima ekari ya muhogo au mtama, na atakayekaidi atozwe faini. Wanaoiunga mkono wanasema mkulima amezama katika korosho na ufuta akasahau tumbo. Hofu yao ni ya haki, lakini sheria hiyo naipinga.

Korosho huokotwa Oktoba hadi Desemba, wakati uleule ambao shamba la mtama linapaswa kusafishwa kusubiri mvua. Kaya yenye watu wawili tu wenye nguvu haitaongezewa mikono na faini.

Lakini kiini cha tatizo, kwa maoni yangu, ni fedha. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima huzikusanya ghalani na kupewa stakabadhi, zisubiri kuuzwa kwa mnada, na malipo huingia katika akaunti baada ya mnada. Akaunti hiyo mara nyingi ni ya baba, ilhali anayejua kama unga uliobaki utafika Machi ni mama. Fedha ikishatawanyika, mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa magendo nje ya mfumo huo, hupata mlango: hukopesha fedha ya unga Februari, kisha Oktoba huchukua korosho kwa kipimo anachokitaka yeye. Kaya inayokula mlo mmoja kwa siku haiwezi kubishana naye, na njaa ya mwaka unaofuata huanzia hapo.

Muhogo wenyewe nautetea kwa moyo wote, kama ninavyowatetea wanaokula ming'oko, mizizi ya porini, dhidi ya wanaoiita chakula cha shida. Muhogo ulikuwa akiba yetu ardhini, makopa, yaani muhogo mkavu, yakawa ugali na kisamvu kikawa mboga. Siku hizi magonjwa mawili huushambulia, batobato huudumaza na michirizi kahawia huozesha mizizi, hivyo kumlazimisha mtu kupanda pingili (vipande vya shina vya kupandia) zenye ugonjwa ni kumwonea. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kiko hapahapa Mtwara. Pingili safi zifike kijijini kwanza.

Badala ya faini, napendekeza chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kimruhusu mwanachama, kwa hiari yake na kwa saini ya mume na mke, kutenga sehemu ya malipo ya korosho kwa ajili ya nafaka itakayohifadhiwa kijijini. Ugumu ninaouona ni kwa kaya zisizo na mkorosho hata mmoja, zinazoishi kwa vibarua. Ndugu zangu mliowahi kusimamia maghala ya vijiji, hizo ziingizwe kwa utaratibu gani?