Naomba ushauri: kuwaelimisha wazee wa Kichina kuhusu matibabu ya mwisho wa uhai

Ndugu wanachama, mimi ni muuguzi San Francisco, na nimepangiwa kuwaelimisha wahamiaji wazee wanaozungumza Kikantoni waandike mapema matibabu wanayoyataka na nani awasemee watakaposhindwa kujisemea. Sheria ya California haina utata: fomu husainiwa mbele ya mashahidi wawili au mthibitishaji wa hati, na sisi tunaowahudumia haturuhusiwi kuwa mashahidi. Kazi ipo kwa watoto, ambao hunivuta kando mlangoni wakinisihi nisitaje kifo mbele ya mama yao, ilhali mama mwenyewe ameshanunua kaburi (katika hili wazee wametutangulia mbali). Je, nianze na mzazi faraghani, akiwepo mkalimani asiye mwanafamilia, au niwakalishe wote pamoja? Waliowahi kufanya kazi hii, naomba mnielekeze.