Behewa la wanawake Rio de Janeiro: linalinda au linahamisha tatizo?

Kibao cha Stesheni (mleta mada): Wakuu, tangu 2006 sheria ya jimbo la Rio inataka metro na treni za mijini zitenge behewa la wanawake siku za kazi, saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Utalijua kwa rangi ya pinki. Mimi nasema libaki, ila tusilihesabu kuwa ndio usalama wenyewe. Treni ya metro ina mabehewa 6. Moja litabebaje wanawake wote? Halafu anayefunga jiko la hoteli Copacabana saa 4 usiku, arudi Nova Iguaçu, mji wa pembezoni mwa Rio, anakuta behewa limeshakuwa la wote.

Wakili wa Jioni: Napinga hata hilo la kubaki. Aliyeshikwashikwa behewa la kawaida ataulizwa kwa nini hakupanda la pinki. São Paulo bunge la jimbo lilipitisha mpango kama huo 2014, gavana Alckmin akaukataa, na wanaharakati wanawake walikuwa miongoni mwa waliotaka ukataliwe. Kilichobadilisha mambo ni Sheria 13.718 ya Brazil nzima, ya Septemba 2018. Kabla yake, mtu alimmwagia abiria shahawa ndani ya basi Avenida Paulista, 2017, na hakimu akamwachia. Kumpapasa mtu kwenye basi kulikuwa kosa dogo la faini. Sasa ni jinai, jela mwaka 1 hadi 5. Huo mwaka wa 5 si mapambo: kosa linalozidi miaka 4, mkuu wa kituo cha polisi hana mamlaka ya kutoa dhamana. Aliyekamatwa papo hapo lazima afike kwa hakimu.

Nauli Kamili: Sawa mkuu, ila mkamate kwanza. Kesi nyingi hufia kati ya mlango wa treni na kaunta ya polisi. Kinachotakiwa: namba ya behewa (imeandikwa ndani), stesheni na saa, shahidi mmoja aliye tayari kushuka nawe, kisha mlinzi wa jukwaani kabla mtu hajayeyuka. Ukiandikisha taarifa, omba papo hapo picha za kamera zihifadhiwe, maana picha mpya hurekodiwa juu yake na kuzifuta. Namba 190 ni ya polisi wa dharura, 180 ni ya ushauri na malalamiko. Wanaozichanganya wanapoteza dakika. Vituo vya polisi vya wanawake vilianzia São Paulo 1985, na sheria ya 2023 inataka vifanye kazi saa 24. Mkoani ambako havipo, bado nenda kituo chochote cha polisi.

Mama Kibaraza: Mnabishana kuhusu treni wakati wanawake wengi huuawa nyumbani, na mume au aliyekuwa mume. Huko behewa halifiki. Sheria ya Maria da Penha, ile ya ukatili wa nyumbani, inampa hakimu saa 48 kuamua amri ya ulinzi. Hizo saa 48 mwanamke analala wapi?

Kibao cha Stesheni: Kweli dada, hilo lina uzi wake. Kwa safari za usiku mimi naona São Paulo wamepata dawa rahisi: tangu 2016 mwanamke anaweza kumwomba dereva wa basi amshushe nje ya kituo, saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, mradi iwe ndani ya njia ya basi na pasipokatazwa kusimama. Anaepuka kutembea mita 300 za giza, hakuna behewa lililopakwa rangi. Kinachoharibu ni abiria kutojua, na dereva kujifanya hajui.

Wakili wa Jioni: Hapo kwenye basi nakubali. Kwenye pinki bado.