Wakuu, wakili wa bure anaaminika, au nikope niweke wa kulipia?

Mama Wawili: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi sina. Marehemu mume wangu aliacha shamba, shemeji akauza nusu yake, na mnunuzi akanifungulia kesi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wakili niliyemuulizia ametaja hela ambayo sijawahi kuishika. Mjini kuna watu wa msaada wa kisheria, bure. Huyo wa bure ataweza kweli kusimama na wakili wa mwenye pesa? Au nikope kikoba?

Bwana Shamba: Pole dada. Sisi mirathi ya mzee imetutafuna miaka. Kaka mkubwa alianza kuulizia hati matanga hayajaanuliwa. Mpaka leo hatusalimiani.

Kibuyu: Ndiyo maana tunasema andikeni wosia! Wanaume tunajenga, tunalima, karatasi hatuachi. Huyo shemeji naye asipewe hata chai ya msibani.

Sheria Mkononi: Dada, kesi imefika wapi?

Mama Wawili: Inaendelea.

Sheria Mkononi: Inasikilizwa lini tena?

Mama Wawili: Hukumu imeshatoka. Nimeshindwa. Ila kuna kaka mmoja hushinda pale nje ya baraza, ameahidi kunikatia rufaa, nimpe robo ya shamba tukishinda. Nimeshamsainia karatasi. Msimseme vibaya, jirani yangu alimsaidia, na wakati ule nilikuwa sina mwingine wa kunisikiliza.

Mlalahoi: Kishoka huyo! Karatasi imeandikwa nini?

Mama Wawili: Ilikuwa tupu. Alisema atajaza.

Jicho Kali: Hii chai. Hela ya wakili hana, bando analo? Hapo bado namba ya kuchangiwa.

Kibuyu: Hata mimi nimeanza kushtuka. Mtu anasaini karatasi tupu?

Bwana Shamba: Mama yangu mzazi alisaini hivyo hivyo. Usicheke.

Mama Wawili: Simu ni ya binti yangu. Sijamwomba mtu hata senti.

Sheria Mkononi: Iwe chai au isiwe, kuna mwingine anasoma hapa na hukumu mkononi. Rufaa kutoka baraza la wilaya kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hawaruhusiwi kukutoza. Watakushauri na kukuelekeza, ila kukuwakilisha mahakamani hawawezi, kwa hiyo waombe wakuunganishe na taasisi yenye wakili. Na kabla ya 2017, sheria tuliyokuwa nayo ya 1969 ilihusu jinai tu. Mjane wa shamba hakuwemo kabisa.

Hapa ndipo naumia. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa 2023, ilifika mpaka vijijini, na ni jambo jema. Lakini timu ikishaondoka, siku 45 zinaendelea kuhesabika. Ofisi nyingi za msaada zinaishi kwa wafadhili. Mradi ukiisha, unakuta mlango umefungwa. Bajeti ya serikali inatakiwa imlipe wakili anayekaa wilayani mwaka mzima, kama inavyomlipa hakimu.

Mlalahoi: Uingereza walitunga sheria ya kulipia mawakili wa wasio na uwezo toka 1949, halafu sheria ya 2012 ikaziondoa kesi nyingi za madai. Hata waliokuwa nacho wamepunguza.

Jicho Kali: Sawa, ila aweke hukumu hapa tuione.

Sheria Mkononi: Asiweke. Dada, nakala ya hukumu unayo?

Mama Wawili: Niliomba, karani akasema faili liko kwa mwenyekiti.

Sheria Mkononi: Uliomba kwa mdomo?

Mama Wawili: Ndiyo.

Sheria Mkononi: Kesho andika barua kwa Mwenyekiti wa Baraza, nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muda wa kusubiri nakala unaweza kutolewa kwenye hesabu ya siku, ila lazima uonyeshe kwamba uliomba. Ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwa hao wa bure, na uwaambie habari ya ile karatasi tupu kabla ya kitu kingine.

Mama Wawili: Na yule kaka akinipigia?

Bwana Shamba: Usipokee.