Madumu ya chuma, madumu ya plastiki au tangi moja: kipi kinafaa kubebea mafuta kwenye trela?

Mvuta Trela (mwanzisha mada)

Ninaandaa trela ndogo ya ekseli moja, isiyo na paa, kwa ajili ya kubeba jenereta, pampu ya maji na vifaa vya kazi kwenda mahali ambako kituo cha mafuta kiko mbali. Kwa hesabu yangu nahitaji lita 60 za petroli kwa mashine na lita 40 za dizeli kwa gari linalovuta. Njia nilizobaki nazo ni nne: madumu ya chuma ya lita 20, yale ya kijeshi; madumu ya plastiki nene yaliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta; vyombo bapa vya plastiki vinavyofungwa kwa komeo ubavuni mwa trela; na tangi moja kubwa lenye pampu. Mimi naelemea kwenye tangi, kwa kuwa litanipunguzia kazi ya kufunga na kufungua mikanda kila siku. Ningependa kuwasikia waliovitumia vitu hivi kabla sijaanza kuchomelea chochote.

Fundi Mchomeleaji

Mkuu, tangi moja limekwama tangu mwanzo, kwa sababu una mafuta ya aina mbili yasiyotakiwa kukutana. Hata kama ungekuwa na petroli peke yake, tangi lisilo na kuta za ndani likifika nusu, mafuta husukumana mbele na nyuma kila unapofunga breki, na trela ya ekseli moja huupeleka msukumo huo moja kwa moja kwenye kiungio na gari. Madumu matano yanakuruhusu kuugawa mzigo utakavyo. Lita 20 za petroli zina uzito wa karibu kilo 15, za dizeli karibu kilo 17, na dumu tupu la chuma huongeza kama kilo 4, kwa hiyo unazungumzia takriban kilo 100. Usiziweke nyuma kabisa kwa sababu tu huko ndiko kwenye nafasi. Trela iliyolemewa nyuma huinua kiungio na kuanza kuyumba njiani. Inatakiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iangukie kwenye kiungio, na kumbuka kwamba mizani hiyo hubadilika kadiri unavyoyatumia mafuta.

Dereva wa Masafa

Mimi ni mtu wa chuma, na sioni haya kusema hivyo. Dumu hilo la lita 20 lilibuniwa kwa ajili ya jeshi la Ujerumani katika miaka ya 1930, na karibu kila kitu kilichomo kina sababu yake. Vishikio ni vitatu ili watu wawili waweze kulibeba moja lililojaa, au mtu mmoja ashike mawili matupu kwa mkono mmoja; ile mikunjo ya ubavuni huipa bati nafasi ya kutanuka; mfuniko hufungwa kwa wenzo bila kuhitaji spana. Waingereza waliopigana katika jangwa la Afrika Kaskazini walikuwa na makopo ya bati jembamba yaliyovuja ovyo, ndiyo maana waliyathamini sana madumu waliyoyateka kutoka kwa Wajerumani.

Kasoro yake, hata hivyo, niliijua kwa hasara. Niliwahi kuyapanga mawili bega kwa bega bila kitu chochote katikati, nikaenda nayo siku nzima kwenye barabara ya matuta, na jioni nikakuta trela nzima inanuka petroli: chuma kilikuwa kimesuguana na chuma mpaka rangi ikaisha, kisha bati likatoboka tundu dogo kama la sindano. Tangu hapo naweka kipande cha mpira kati ya dumu na dumu, na kingine chini.

Mama wa Shamba

Ndugu Dereva amesahau kutu. Dumu la chuma linaloachwa nusu kwa muda mrefu hupata unyevu ndani, na kutu hiyo mwisho wake ni kwenye kabureta ya jenereta. Plastiki haina tatizo hilo, ni nyepesi, na ile isiyo nyeusi sana hukuonyesha kiasi kilichobaki bila kuifungua. Adui yake ni jua. Tazama mhuri uliokandamizwa kwenye plastiki: alama ya Umoja wa Mataifa inayoanza na 3H1 ni ya dumu la plastiki, 3A1 ni ya chuma, na kando yake utakuta mwaka wa kutengenezwa, mara nyingi pamoja na duara la miezi lenye mshale. Kwa usafirishaji wa bidhaa za hatari, chombo cha plastiki kwa kawaida huhesabiwa miaka mitano tu tangu tarehe hiyo. Lile dumu lililoletwa na mafuta ya kupikia usilitie petroli hata kwa safari moja, kwa maana halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Jambo jingine: usijaze mpaka mdomoni. Petroli ikipata joto la nyuzi 20 zaidi, lita 20 huongezeka kwa karibu lita 0.4, nayo itatafuta pa kwenda.

Kijana wa Njia za Vumbi

Vile vyombo bapa nimevitumia miaka miwili. Komeo ni zuri na havitikisiki. Lakini vingi hubeba mafuta machache kuliko dumu la kawaida, kwa hiyo ungehitaji rundo zima kufikisha lita 100, na ubavuni mwa trela ndipo panapokwaruzwa kwanza unapokata kona karibu na nguzo.

Fundi Mchomeleaji

Kuna hoja moja ambayo kwangu ni nzito kuliko ubishi wa chuma na plastiki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa sakafuni, na petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali dizeli huhitaji kupashwa joto la zaidi ya nyuzi 50. Mwanzisha mada anataka petroli na jenereta kwenye trela moja. Jenereta iliyotoka kazini ina ekzosi ya moto. Iache ipoe kabla ya kuipakia, na petroli ikae upande wa pili kabisa, isitengwe nayo kwa dizeli peke yake.

Vilevile, dumu lijazwe likiwa chini ardhini, si juu ya trela. Sakafu ya mbao au zulia la mpira huzuia umeme tuli kutoka, na cheche moja wakati wa kujaza inatosha. Kwenye hili dumu dogo linalishinda chombo kikubwa ambacho hakiwezi kushushwa.

Mvuta Trela (mwanzisha mada)

Nimeliacha tangi. Petroli itakaa kwenye madumu matatu ya chuma, na dizeli kwenye mawili ya plastiki ya rangi ya manjano. Najua Mama wa Shamba angependa yote yawe plastiki, lakini nataka usiku, hata bila taa, mkono wenyewe utambue ninachoshika. Suala la kutu nitalipunguza kwa kutumia dumu moja hadi liishe kabla ya kufungua jingine. Fremu ya madumu ya chuma nimeikadiria sentimita 50 kwa ndani.

Fundi Mchomeleaji

Haitatosha, mkuu. Dumu moja lina unene wa sentimita 16.5 hivi, kwa hiyo matatu peke yake ni 49.5, na bado hujaweka mpira. Ukitumia mpira wa sentimita moja sehemu nne, unahitaji 53.5, kata 54, toboa matundu ya maji chini ya fremu, halafu mkanda upite juu ya vishikio na si juu ya wenzo wa mfuniko.