Watafiti wa chuo wanataka mate ya mwanangu mwenye usonji, baba yake kagoma. Nisaini?

Mama Twaha:
Wanajamvi, habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wazima, utani tuuache leo.

Mwanangu ana miaka saba, ana usonji, yupo kitengo maalum shule ya msingi huku Temeke. Juzi mwalimu katuita wazazi, tukakuta watafiti wa chuo kikuu. Wanataka kutuhoji, kumrekodi mtoto video akicheza, na kuchukua mate yake, yangu na ya baba yake wakapime vinasaba. Malipo hakuna, ni nauli tu.

Mimi moyo umekubali. Kila ninayemuuliza chanzo ana lake: mara tumerogwa, mara chanjo ya surua, mara nilimeza dawa nikiwa mjamzito. Baba yake hataki hata kusikia. Anasema mate yatauzwa ng'ambo na video itazagaa WhatsApp, na mama mkwe kamuunga mkono. Fomu ya ridhaa ninayo ndani, wanaifuata Jumatatu. Nisaini?

Kichwa Ngumu:
Usithubutu. Wao watapata shahada zao, mtoto atabaki alivyo.

Baba Salama:
Dada, mimi ni wa Kilifi, Kenya, na huku watafiti tumewazoea, KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wapo tangu 1989. Nao wana utafiti kama huo wa watoto wenye usonji na ulemavu wa akili, unaitwa NeuroDev, wanaufanya pamoja na Chuo Kikuu cha Cape Town na taasisi moja ya Marekani.

Mate ya baba yanatakiwa kwa sababu hii: wakiona badiliko kwenye kinasaba cha mtoto, wanataka kujua limetoka kwa mama, kwa baba, au limezuka kwake mwenyewe. Wakikosa mate ya mmoja wenu wanabaki wanabahatisha. Wala si kutafuta wa kulaumiwa, hilo mwambie mzee taratibu, maana wengi wetu tunaogopa hapo na tunasingizia mambo ya kuuzwa.

Ila usitegemee jibu la Twaha kesho. Watoto wengi hupimwa na chanzo kisionekane.

Nesi wa Zamu:
Mkuu Kichwa Ngumu, shahada wapate tu. Hilo la chanjo linalomsumbua Mama Twaha lilizimwa na watafiti kama hao. Makala ya 1998 iliyoanzisha uvumi ilifutwa na jarida lenyewe 2010, na 2019 Denmark wakatoa majibu ya watoto zaidi ya 650,000: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Mama Twaha, kabla ya kalamu omba uone kibali cha maadili ya utafiti. Kwa hapa kwetu Tanzania ni cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, au kamati ya chuo chenyewe, kina namba na tarehe ya kuisha. Wakijiuma midomo, waage. Halafu uliza mate yanahifadhiwa wapi, na kama yanatoka nje ya nchi kuna mkataba gani wa kuyasafirisha. Uliza pia ukijitoa mwakani wanayatupa au wanabaki nayo. Hapa wengi hawaulizi, na ndipo penye utata: taarifa zikishachanganywa na za wengine, kuzichomoa ni kazi.

Kichwa Ngumu:
Kibali ni karatasi. Someni habari za Willowbrook, kituo cha watoto wenye ulemavu wa akili kule New York. Kuanzia 1956 watoto wa hapo waliambukizwa homa ya ini makusudi, na wazazi walisaini. Tena ilifika wakati kituo kimejaa, hakipokei mtoto, nafasi ikabaki kwenye wodi ya utafiti tu. Hiyo ni ridhaa?

Nesi wa Zamu:
Hapo nakuunga mkono kabisa. Kwa hiyo Mama Twaha, swali jingine: ukikataa, Twaha anapoteza nini? Nafasi kitengoni? Kliniki? Jibu liwe hakuna, na ulisikie mbele ya mwalimu mkuu.

Mwalimu wa Kitengo:
Nasema kama mwalimu. Vipimo vingi tunavyoletewa vilitungwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Mtoto anaulizwa kuhusu vitu ambavyo kwao havipo, akishindwa anaandikiwa amechelewa. Malawi walikaa chini wakatunga cha kwao, kikachapishwa 2010, na Kilifi wanacho cha watoto wadogo. Vilipatikana kwa sababu kuna wazazi walikubali watoto wao waangaliwe. Mimi ningesaini mahojiano hata leo. Mate ningesubiri baba aelewe.

Mama Twaha:
Asanteni jamani. Kumbe naweza kukubali kimoja nikaacha kingine? Video ndiyo inayomkera zaidi baba yake.

Nesi wa Zamu:
Fomu nyingi nzuri zina sahihi yake kwa kila kitu: mahojiano, mate, video. Kama yako haina, waambie waandike. Video ya mtoto ni taarifa binafsi, sheria yake ipo tangu 2022, wakueleze nani ataiona na itafutwa lini. Na Twaha mwenyewe akilia au akisukuma kile kichupa siku hiyo, wanaacha, hata kama mmeshasaini wote wawili.

Baba Salama:
Jumatatu mzee awepo, dada. Maswali ayaulize yeye. Mama mkwe naye mpeni kiti.