Israel Sinai walirudisha kukatulia, Gaza wakatoka ikawaka moto. Kosa ni kutoka au namna ya kutoka?

Mzee Kichuguu
Wadau, salaam. Jana kijiweni jamaa mmoja katufunga mdomo kwa sentensi moja: "Israel kila ikiachia ardhi inapigwa, kwa hiyo isiachie hata shibiri." Watu wakaitikia, kahawa ikaendelea. Mimi nimelala na jibu langu, nalileta hapa.

Sinai, ile rasi ya Misri waliyoiteka 1967, ni kubwa kuliko Gaza zaidi ya mara mia. Mkataba na Misri ulisainiwa Machi 1979, Aprili 1982 wakamaliza kutoka. Walowezi wa Yamit, mji waliojenga huko Sinai, walibebwa mzobemzobe na askari wa kwao wenyewe, nyumba zikasawazishwa. Sadat alikuwa keshauawa, mkataba haukufa naye. Toka hapo Misri na Israel hawajapigana vita. Sasa njoo Lebanon, Mei 2000: Barak, waziri mkuu wao, anatoa jeshi bila mkataba na mtu. 2006 vita na Hezbollah wa huko huko. Gaza, 2005: Sharon, naye waziri mkuu, anaondoa walowezi kama 8,000, makazi 21, askari wa mwisho katoka Septemba 12. Juni 2007 Hamas, kundi la Wapalestina lenye silaha, kaushika ukanda wote.

Mnaona? Sinai ilikabidhiwa, Gaza iliachwa. Ukihama nyumba bila kumpa mtu funguo, anayeingia ni mwenye nguvu ya kuvunja mlango, tena anawaambia majirani ni yeye aliyekufukuza. Naomba tujadili hapo tu: kukabidhi na kuacha. Matusi hapana.

Pweza wa Nungwi
Mzee wangu, nakuheshimu, lakini neno "iliachwa" limenichoma. Iliachwa na nani? Anga yao, bahari yao, vivuko vya mizigo vyao, hata daftari la nani ni mkazi wa Gaza wanalishika wao. Askari jela akitoka chumbani akaenda kukaa getini, mfungwa kaachiwa? Na Weisglass, mtu wa ndani kabisa wa Sharon, aliliambia gazeti la Haaretz 2004 kwamba mpango ule ni formalini. Ile dawa ya kuhifadhia maiti. Yaani wanaihifadhi siasa isioze, lakini isifufuke pia. Mwenye mpango mwenyewe kasema!

Kamanda Uyole
Formalini formalini. Waliachiwa vitalu nyumba vya kisasa vya mamilioni ya dola wakang'oa mabomba wakauza. Mtu anayeng'oa bomba la maji la shamba lake mwenyewe utampa nchi? Bora hawa Wayahudi wangekubali ile Uganda waliyopewa na Mwingereza 1903. Leo tungekuwa tunalima nao, nyanya bei poa.

Hoho za Arava
Kamanda, vitalu nyumba usiniguse, ndiyo kazi yangu. Kwanza, walowezi wenyewe walivunja vingine kabla ya kuondoka. Pili, vilivyobaki vilinunuliwa kwa michango, kama dola milioni 14, na Wolfensohn aliyewahi kuongoza Benki ya Dunia katoa laki tano mfukoni mwake. Tatu, ndiyo, watu waliingia wakapora, sikatai. Lakini vikakarabatiwa, mazao yakatoka. Yakafika Karni, kivuko cha mizigo cha kutoka Gaza kuingia Israel, kivuko kimefungwa. Hoho ikikaa siku tatu kwenye joto bila jokofu inalegea kama sikio la mbuzi. Unaiuza kwa nani hiyo? Mkulima anaua shamba lake kwa sababu ya geti, wewe unasema kang'oa bomba.

Chepkoilel64
Kwani Uganda gani hiyo, Kamanda? Ardhi ambayo Chamberlain, waziri wa makoloni wa Mwingereza, alitaka kuwapa ilikuwa kwetu, Uasin Gishu. Kenya. Mimi naandika nikiwa Eldoret, Sisibo kama tunavyoiita, mvua inanyesha dirishani. Nyinyi wa Tanzania mnagawa nchi za watu kama ni karanga.

Kamanda Uyole
Vitabu vyote vinasema Mpango wa Uganda. Andika cha kwako.

Daftari la Mjomba
Wote mko sahihi nusu. Uwanda ule ulikuwa chini ya Uganda mpaka 1902, halafu Mwingereza akasogeza mpaka, mkoa wa mashariki ukaingia himaya ya Afrika Mashariki, ndiyo Kenya ya leo. Ofa imekuja 1903, jina la zamani likabaki mdomoni. Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka nchi yao, akaipeleka kwenye mkutano mkuu wao wa sita, wajumbe wa Urusi wakatoka nje kwa hasira. Wakaletwa watu watatu kukagua. 1905 mkutano wa saba ukakataa.

Kamanda Uyole
Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Chepkoilel64
Nusu, umeambiwa. Na hiyo nusu haikuwa na mtu wa kuulizwa? Mwaka huo huo wa 1905 wakataao wanakataa huko Basel, huku Wanandi wako vitani na Mwingereza. Oktoba, kiongozi wao Koitalel arap Samoei kaitwa kwenye mazungumzo ya kusimamisha vita, akapigwa risasi. Aliyempiga ni Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Mwingereza. Mzee Kichuguu, wewe unapenda kukabidhi na kuacha: tafuta huyo Meinertzhagen alikwenda wapi baadaye. Palestina! Ofisa mkuu wa siasa wa jeshi la Mwingereza, na mtetezi mkubwa wa Wazayuni. Mkono ule ule.

Mzee Kichuguu
Mama, hilo la Meinertzhagen sikulijua, ahsante. Lakini tumetoka Gaza tumeingia Nandi Hills. Turudi.

Kamanda Uyole
Sasa Koitalel kaingiaje kwenye roketi za Hamas? Umepitia kilabuni kwanza?

Chepkoilel64
Mimi ni mama wa watoto wanne na shemasi. Kamwambie hivyo dada yako.

Pweza wa Nungwi
Kamanda, omba radhi. Halafu mama hajatoka nje ya mada hata kidogo. Mnabishana nani akabidhi nini bila kuuliza alikipata vipi. Azimio 242 la Umoja wa Mataifa, la Novemba 1967, linasema majeshi ya Israel yaondoke kutoka maeneo yaliyotekwa. Kiingereza kikaacha kile kijineno "the", Kifaransa kikawa nacho, na toka hapo mawakili wanakula: maeneo yote au baadhi? Mngeandika kwa Kiswahili msingepata hata pa kugombania, maana sisi "maeneo" ni maeneo tu, aliyechukua kumi anajua kachukua kumi.

Daftari la Mjomba
Mkuu, Kiswahili nacho kingewapa pa kugombania. "Maeneo" bila "hayo" wala "yote", wakili wa Kariakoo anakaa nayo miaka saba.

Hoho za Arava
Naomba niseme moja. Nilikwenda Arava, jangwa la kusini mwa Israel, miezi 11, mafunzo ya kilimo, 2018 mpaka 2019. Kazi yetu kubwa ilikuwa banda la kufungashia: hoho zinapita kwenye mkanda, unatoa zenye kovu, kilo tano kila boksi. Kijiji kilikuwa karibu na mpaka wa Jordan, usiku unaona taa za ng'ambo. Wakulima wa pale Tzofar walikuwa wanalima ardhi ambayo si yao. Wajordan wanaiita Al-Ghamr. Mkataba wa amani wa 1994 kati ya Israel na Jordan uliirudisha kwa Jordan, bendera ya Jordan, askari wa Jordan, ila mkulima wa Israel akaruhusiwa kuendelea kulima kwa miaka 25. Asubuhi trekta linavuka geti, jioni linarudi. Sisi wanafunzi hatukuvuka, ila maboksi ya kule nimeyashika kwa mikono hii.

Oktoba 2018 mfalme wa Jordan akatangaza: muda ukiisha, basi. Wazee wale walikasirika kweli kweli, mmoja alikuwa anapiga meza ya chakula. Lakini Novemba 2019 geti likafungwa, wakaachiwa tu kuvuna kilichokuwa shambani, na hakuna risasi. Na msidhani palikuwa peponi: 1997, kule kaskazini kwenye eneo jingine la makubaliano hayo hayo, askari wa Jordan aliua wasichana saba wa shule. Mfalme wa wakati ule, Hussein, akavuka mpaka, akaenda majumbani kwa wafiwa, akapiga magoti. Mkataba ukavuka na hiyo. Mzee Kichuguu, nadhani hii ndiyo hoja yako.

Kamanda Uyole
Miezi 11 walikulipa ngapi?

Hoho za Arava
Nimeandika yote hayo unaniuliza mshahara?

Kamanda Uyole
Umekula mkate wao ndiyo maana unawasifu. Subiri, au unawasema? Sijaelewa hata uko upande gani.

Hoho za Arava
Nilikatwa pesa ya chumba na ya mafuta ya basi lisilokuja, kama unataka kujua. Na Oktoba 7, 2023 Hamas walipovamia, vijana wetu wawili wa Tanzania waliokwenda kama mimi, kilimo hicho hicho, wameuawa. Kwa hiyo usinifundishe upande.

Pweza wa Nungwi
Pole, ndugu yangu. Mungu awarehemu. Nawaombea hao, nawaombea na makumi ya maelfu wa Gaza waliofuata, ambao humu hakuna anayejua hata wilaya zao.

Kamanda Uyole
Pole mkuu. Hilo sikujua kama linakugusa hivyo. Mama shemasi, na wewe samahani.

Mzee Kichuguu
Sasa nisaidieni. Jordan walikabidhiana, Misri walikabidhiana. Ukingo wa Magharibi ni tofauti: wakati wa Oslo, yale makubaliano ya Israel na Wapalestina ya 1993, walowezi walikuwa laki moja na kidogo, leo ni zaidi ya laki tano, bila kuhesabu Jerusalem Mashariki. Yamit walikuwa elfu chache tu, na hao wachache waliwatoa jasho. Hata yale makazi manne ya kaskazini mwa Ukingo waliyoyahamisha pamoja na Gaza, Machi 2023 Bunge lao limefuta sheria iliyowazuia kurudi. Rabin, waziri mkuu aliyesaini Oslo, aliuawa 1995 na Myahudi mwenzake kwa kugusa tu hilo. Nani atasaini kubeba laki tano mzobemzobe, na upande wa pili nani atapokea? Mamlaka ya Wapalestina iliyoko Ramallah? Hamas wa Gaza?

Daftari la Mjomba
Swali zuri. Chepkoilel, lakini kwa nini Eldoret mnaita Sisibo?

Chepkoilel64
Sixty-four. Namba ya shamba. Wayahudi wakakataa, 1908 wakaja Makaburu na magari yao ya ng'ombe. Wanasema benki ilileta sefu kutoka mbali, ilipofika kwenye namba 64 ikaanguka, nzito, hakuna aliyeweza kuinyanyua. Wakajenga ukuta kuizunguka, ikawa benki, ikawa mji.

Kamanda Uyole
Mji mzima kwa ajili ya sefu iliyoanguka 😂

Pweza wa Nungwi
Na aliyekuwa akichunga hapo ilipoanguka?

Chepkoilel64
Huyo ni babu wa baba mkwe wangu. Uliza lingine.